Wekundu Ule Ule: Kutazama Sanaa ya Nyanda za Juu Kusini Mpaka Ikuguse

Mtu anayejua vyungu, akifika kwenye soko la Jumamosi la Lyulilo, pale karibu na Matema, haanzi na bei. Anakiinua chungu, anakikalisha kwenye kiganja cha kushoto, anakigonga kwa kifundo cha kidole, kisha anatega sikio. Chungu kizima kinaitika kwa mlio mwembamba unaokawia kidogo kabla ya kuzima. Chenye ufa kinaitika "dup", mara moja, kimenyamaza. Baada ya hapo anakigeuza mdomo uelekee jua, anachungulia ndani, anapitisha kidole gumba ukingoni mzunguko mzima. Dakika tatu zinapita, pengine nne, na hajatamka neno. Ndipo anauliza, "Mama, hiki unauzaje?"

Huyo mnunuzi amekwisha kutazama sanaa, na ameitazama vizuri kuliko wengi wanaolipa kiingilio. Watafiti waliowapima watu kwa saa ndani ya Metropolitan Museum of Art ya New York walichapisha matokeo yao mwaka 2001: mtu alitumia wastani wa sekunde 27 mbele ya kazi moja, na nusu ya mitazamo yote haikuvuka sekunde 17. Hizo zilikuwa kazi za mabingwa, zimetundikwa kwenye ukuta mzuri, chini ya taa zilizopangwa na wataalamu. Sekunde 17 hazitoshi hata kumsalimia mtu mzima wa Kinyakyusa ipasavyo.

Wapo wanaosema sanaa haiwagusi. Mimi siamini hilo. Naamini hawajapewa masharti ya kuguswa, na masharti hayo ni ya kawaida kabisa: mwanga unaofaa, umbali unaofaa, muda, na kujua kidogo namna kitu kilivyotengenezwa. Yakitimia, hisia huja yenyewe bila kuvutwa. Yakikosekana, hata michoro yenye umri wa karne nyingi itaonekana kama madoa ukutani. Huku kwetu, kuanzia Iringa mpaka Ziwa Nyasa, sehemu kubwa ya sanaa haina fremu wala kibao cha maelezo. Imekaa sokoni, porini na jikoni, kwa hiyo mtazamaji analazimika kujipangia masharti hayo mwenyewe.

Nirudi kwenye chungu, maana ndicho mwalimu mzuri kuliko vyote.

Vyungu vya Wakisi hufinyangwa na wanawake wa mwambao wa ziwa, Ikombe na vijiji jirani, chini ya milima ya Livingstone. Hufinyangwa kwa mkono, bila gurudumu la mguu wala la umeme. Ukitaka kuona mkono huo, usimame na jua ubavuni kwako, si mgongoni wala usoni. Mwanga wa kando huchora kivuli chembamba kwenye kila bonde na kila mgongo wa udongo. Saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni chungu huongea. Saa saba mchana hunyamaza. Zungusha taratibu. Utaona tumbo lake halilingani kabisa: upande mmoja umejaa kidogo zaidi, kama mtu aliyeegemea. Hapo ndipo kiganja cha mfinyanzi kilipotulia kwa ndani wakati mkono wa nje ukikwangua. Weka kiganja chako juu ya sehemu hiyo. Mtu ambaye humjui, na huenda hutaonana naye, alisukuma hapa kutoka upande wa pili. Sijui jina zuri zaidi la hisia hiyo kuliko neno lenyewe la Kiswahili, kuguswa.

Kitako ni cha mviringo, na si kwa urembo. Chungu hukaa juu ya mafiga matatu, na joto husambaa vizuri zaidi kwenye kitu kisicho na kona. Kona ndiko ufa unakoanzia. Ukilijua hilo, umbo unaloliona linaacha kuwa "duara zuri" na linakuwa jibu la swali gumu. Kutazama kazi ya mtu ukilijua swali alilolijibu ni tofauti kabisa na kutazama jibu peke yake.

Halafu kuna mambo yanayoweza kuharibika, nayo pia yanaonekana kwa macho. Udongo ukikauka hupungua, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10. Mdomo, kwa kuwa ni mwembamba na umeachwa wazi kwa upepo, hukauka kabla ya kitako; huvutwa huku kitako kikigoma, na ufa hufunguka ukingoni. Mfinyanzi mwangalifu hukausha kivulini na hufunika mdomo. Ndiyo maana kidole gumba cha mnunuzi hupita ukingoni kwanza. Chungu kikiingia motoni kina unyevu bado, maji hugeuka mvuke ndani ya ukuta wake na kukipasua kwa kishindo. Na moto ukiwa hafifu, udongo haubadiliki kabisa: maji yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe huanza kutoka kwenye nyuzi 500 hadi 600 hivi, na chungu ambacho hakikufika hapo kitarudi kuwa matope siku ya kwanza ya kupikia. Moto wa wazi wa kuni na majani hufika takriban nyuzi 600 hadi 900, kwa hiyo mfinyanzi hufanya kazi karibu sana na mpaka, bila kipimajoto, akisoma rangi ya makaa.

Yale madoa meusi kama mawingu unayoyaona tumboni mwa chungu ni alama ya moto. Pale kuni au majani yalipokilalia, hewa ilikosekana na udongo ukabaki mweusi. Penye hewa ya kutosha, chuma kilichomo ndani ya udongo kilishika kutu, kikawa chekundu. Wanunuzi wengi hukataa chungu chenye wingu. Mimi ningekitafuta. Ni picha ya upepo wa siku ile ya kuchoma, na hakuna chungu kingine chenye picha hiyo.

Ushike huo wekundu wa chuma kilichoshika kutu, maana tutakutana nao tena.

Kabla ya kuondoka kwenye kazi za mikono, neno juu ya vikapu vya Iringa, vile vya milulu vinavyosukwa na wanawake wa Kihehe. Milulu ni majani marefu ya mabondeni yanayokatwa, kukaushwa na kusukwa, mengine yakitiwa rangi kwanza. Kosa la kawaida ni kutazama kikapu kwa nje, kwenye mistari ya rangi, na kuishia hapo. Kigeuze. Tazama kitako kwa ndani, mahali kilipoanzia. Hesabu mashina yanayotoka katikati. Kisha hesabu tena mdomoni. Idadi imeongezeka, maana duara linalopanuka linadai mashina mapya, na kila shina jipya limechomekwa mahali fulani kati ya mengine. Tafuta mahali hapo. Katika kikapu kizuri utahangaika kupapata. Katika kikapu cha haraka utaona pamebonyea kama mshono wa nguo iliyorekebishwa. Kuhesabu kunasikika kama kazi ya karani, lakini ndiyo njia ya uhakika ya kulifanya jicho litulie. Mtu akifika kwenye shina la 40 huwa ameshasahau simu yake.

Rangi za vikapu hivi zina tabia ya kupauka. Linganisha ndani na nje: tofauti ikiwa kubwa, kikapu kimeanikwa juani siku nyingi. Sugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikitoka na rangi, rangi haikushika vizuri na itahamia kwenye nguo zako. Na usidharau tenga la mianzi la nyanya pale Ilula kwa sababu tu hakuna anayeliita sanaa. Tazama namna pembe zake zinavyofungwa ili mzigo usilipasue. Limebuniwa kwa akili ile ile.

Sasa twende kwenye mwamba.

Nje kidogo ya mji wa Iringa, Igeleke, kuna mwamba wenye michoro ya kale ya watu na wanyama, mingi ikiwa ya rangi nyekundu. Watu hufika, huona madoa, huondoka wamevunjika moyo. Mara nyingi sababu ni mwanga. Hapa kanuni ni kinyume cha ile ya chungu. Kitu chenye mabonde na migongo kinataka mwanga wa kando. Rangi iliyopakwa juu ya uso inataka mwanga laini uliosambaa, yaani kivuli chenyewe, au mbingu yenye mawingu. Jua likipiga moja kwa moja kwenye jiwe, kila chembe ya jiwe humetameta na rangi hafifu huzama ndani ya ule mng'ao.

Chagua saa kwa akili. Iringa iko karibu nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Juni na Julai, jua hupita upande wa kaskazini siku nzima, kwa hiyo uso wa mwamba unaotazama kusini hubaki kivulini asubuhi hadi jioni. Desemba mambo hugeuka. Mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba jua la adhuhuri husimama utosini kabisa. Fungua dira kwenye simu, jua uso wa mwamba unaelekea wapi, ndipo upange safari. Ukikuta jua limekutangulia, mwombe mwenzako ashike kitenge kilichotandazwa kati ya jua na mchoro. Kitenge kimoja kinatosha kufunua mnyama mzima ambaye dakika moja iliyopita hakuwepo.

Ukifika, usitazame mara moja. Umetoka kwenye jua kali na barabara ya vumbi, mboni zimejibana. Kaa chini, kunywa maji, acha macho yazoee kivuli kwa dakika 5 hadi 10. Kisha tafuta umbo moja tu lililo wazi kuliko mengine, na ufuate mstari wa mgongo wake kutoka kichwani hadi mkiani kwa jicho. Umbo la pili litajitokeza lenyewe pembeni mwa la kwanza. Tazama kama mstari mmoja unapita juu ya mwingine, maana huo ni ushahidi kwamba kuna aliyekuja baadaye akachora juu ya kazi ya aliyemtangulia.

Halafu angalia upana wa mistari. Mstari wenye upana kama wa ncha ya kidole, wenye mwisho wa mviringo, unaashiria kidole kilichochovywa kwenye rangi. Mstari mwembamba wenye kingo safi unaashiria kijiti au brashi ya namna fulani. Inua kidole chako hewani, mbali na jiwe, na uufuate mstari ule mpana kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kasi unayodhani ilitumika. Utagundua mahali ulipolazimika kupinda kiwiko. Utagundua kama aliyechora alikuwa amesimama, amechuchumaa, au amepanda juu ya kitu. Vinyweleo husimama hapo, na havisimamishwi na uzuri wa mchoro peke yake. Mwili wako umeingia kwenye mkao wa mwili mwingine uliokuwa hapo zamani mno.

Na rangi yenyewe ni chuma kilichoshika kutu. Ngeu ile, udongo mwekundu uliotumika kuchorea, ni ndugu wa wekundu wa chungu cha Wakisi, na ni ndugu wa vumbi lililoganda kwenye viatu ulivyokujia. Imedumu kwa sababu kutu haina pa kwenda tena. Jua halina cha kuifanya zaidi, tofauti na rangi nyingi za mimea ambazo hupauka.

Lakini kinachostahimili jua hakistahimili watu, na hapa naomba kila msomaji anisikilize. Usimwagie maji mchoro ili "utokeze". Ni kweli rangi hung'aa kwa dakika chache. Maji hayo yakikauka huvuta chumvi kutoka ndani ya jiwe hadi juu, na chumvi hiyo huacha utando mweupe unaofunika mchoro moja kwa moja. Kila aliyemwaga maji ili aone vizuri amewafanya wanaomfuata waone vibaya. Usipitishe chaki wala mkaa kuzungushia umbo. Usishike, jasho na mafuta ya vidole hubaki. Usiwashe moto chini ya mwamba, na usitimue vumbi kwa miguu, maana vumbi hupanda na kulala juu ya rangi. Ukitaka kuona zaidi, piga picha bila mwanga wa simu, kisha ukifika nyumbani ipitishe kwenye programu ya DStretch, aliyoitengeneza Jon Harman mahsusi kwa michoro ya miambani. Hunyoosha tofauti ndogo za rangi zisizoonekana kwa jicho hadi zionekane. Kumbuka tu kwamba ile zambarau na kijani utakayoiona ni ya kompyuta. Rudi mwambani na picha hiyo mkononi, utafute kwa macho yako yale iliyokuonyesha.

Ukishapata ladha ya kutazama hivyo, Isimila itakuchukua saa nzima badala ya robo saa. Iko kilometa 20 hivi kutoka mjini, kwenye barabara ya kwenda Mbeya. Wageni wengi hukimbilia nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, wapige picha, warudi. Nguzo zinapendeza, sikatai. Lakini mahali hapo palijulikana kwa wataalamu mwaka 1951 na kuchimbwa 1957 na 1958 kwa ajili ya mawe yaliyochongwa, na upimaji wa baadaye umeyapa umri wa takriban miaka 260,000. Chagua shoka moja la mkono kati ya yaliyowekwa kwa maonyesho. Inua kipande cha karatasi mbele ya jicho lako ili kifunike nusu ya jiwe, tazama nusu iliyobaki, kisha hamisha karatasi. Nusu mbili zinalingana. Kila kovu ni kipande kilichobanduliwa kwa pigo moja, na pigo lililokosea lisingeweza kurudishwa. Kuchuna nyama kunahitaji ukali. Hakuhitaji ulinganifu wa namna ile. Mimi nashikilia kwamba aliyelichonga alilitazama akafurahi, na hiyo ingekuwa furaha kongwe kuliko lugha yoyote tunayoijua. Usiokote jiwe lolote. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda, na jiwe likitolewa mahali pake linapoteza nusu ya habari zake.

Picha za kuchora zina taratibu zake. Tingatinga zinazouzwa madukani Iringa na Mbeya zimetokana na mtu wa kusini: Edward Said Tingatinga alizaliwa Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam karibu mwaka 1968, akafariki 1972. Alitumia rangi ya kung'aa, ile ya baiskeli, juu ya mbao za hadibodi za mraba wa sentimita 60 hivi. Mng'ao huo ndio urembo na ndio kikwazo. Ukisimama mbele kabisa ya picha, unaona dirisha la duka na kichwa chako. Songa hatua moja kushoto au kulia mpaka dirisha litoke ndani ya picha.

Umbali nao una vituo vitatu. Anza mbali kiasi cha mara mbili ya urefu wa picha kutoka pembe hadi pembe. Kwa ubao wa sentimita 60 kwa 60 ni kama meta 1.7. Hapo unaona yote bila kugeuza shingo. Kisha sogea mpaka urefu wa dhiraa moja, kama sentimita 45, ambapo unaona mkono wa mchoraji. Kisha rudi nyuma ulikoanzia. Kituo hicho cha tatu ndicho watu hukiruka, na ndicho chenye malipo, kwa sababu sasa unaiona picha nzima huku ukiyajua yaliyomo ndani yake.

Ukiwa karibu, tazama madoa. Katika picha za mtindo huu usuli hupakwa kwanza na kuachwa ukauke, kisha mwili wa mnyama, kisha mapambo. Mchoraji mzuri hubadilisha ukubwa wa madoa yanapofuata mviringo wa tumbo au shingo, na chui anaonekana ana nyama. Mchoraji mwenye haraka huyapiga sawa kila mahali, na chui anabaki karatasi. Madoa yaliyotawanyika kingo au kuzama yanasema rangi ya chini haikuwa imekauka. Ukinunua iliyo kwenye kitambaa, ikunje kwa kuiviringisha upande wa rangi ukiwa nje, juu ya bomba pana, na karatasi laini katikati. Upande wa rangi ukiwa ndani, hubanwa ukajikunja na kupata nyufa. Na rangi ya kung'aa ambayo haijakauka vizuri hugandana yenyewe kwa yenyewe, na ukiifungua hubanduka vipande.

Ndani ya makumbusho, adui mkubwa ni mwili wako. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, wa makumbusho ya sanaa ya Boston, alichapisha picha za mtu akiinama, akichuchumaa na kujipinda ili aone vitu ndani ya makabati ya vioo, akionyesha kwamba uchovu wa watazamaji unatokana na mikao hiyo. Ni hivyo hivyo mpaka leo. Ukiingia Boma la Iringa, lile jengo la enzi za Wajerumani lililogeuzwa makumbusho mwaka 2016, usijaribu kumaliza vyote. Zunguka mara moja haraka, chagua vitu vitano, rudi ukavikalie. Vaa shati la rangi nzito; shati jeupe hujionyesha kwenye kioo na kufunika kilichomo ndani. Tengeneza kivuli kwa kiganja karibu na kioo bila kukigusa. Na kula kwanza. Kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,500, kizunguzungu mbele ya kitu cha kale kinaweza kuwa njaa na kilima ulichokipanda, kabla hujakiita mguso wa sanaa.

Kwa kawaida napendekeza mtu atazame kwanza, asome kibao au amsikilize mwongozaji baadaye, ili jicho lisifungwe na maneno. Kalenga ni kinyume. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililohifadhiwa pale, kilometa 15 hivi kutoka Iringa, si kazi ya sanaa na lisitazamwe hivyo. Ingia ukiwa umeshajua: alijiua mwaka 1898 ili asishikwe na Wajerumani, kichwa chake kikakatwa, na fuvu likarudishwa mwaka 1954, likiwa limetoka kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani. Miaka 56. Vua kofia. Omba ruhusa kabla ya kutoa simu, na ukiweza usiitoe. Kinachokuja pale hakina uhusiano na umbo wala mwanga. Wengine hupata hasira, wengine aibu ya kuwa mgeni msibani, wengine hawapati kitu mpaka wamefika stendi. Yote ni halali.

Hapa nizungumzie maneno, kwa sababu wengi huitupa hisia kwa kuipa jina la kwanza linalokuja. "Nzuri" ni neno linalofunga mazungumzo. Kiswahili kina hazina kubwa, itumie. Uliloliona Isimila huenda ni bumbuwazi, ile hali ya akili kusimama kwa kukosa pa kushika. Mwambani huenda ni kicho, ambacho ni hofu iliyochanganyika na heshima, na hakikufanyi ukimbie. Mbele ya kikapu huenda ni utulivu, au wivu wa mtu anayejua kusuka. Kalenga ni simanzi. Na usikatae karaha. Kuna kazi iliyotengenezwa ili ikukere, na ikikukera imefanya kazi yake. Chukua daftari dogo. Andika kwanza mwili ulifanya nini: pumzi ilikatika, mabega yalishuka, machozi yalilengalenga, miguu ilitaka kuondoka. Kisha tafuta neno. Mwisho andika ulikuwa unatazama sehemu gani hasa, si kitu kizima, bali ukingo ule, doa lile. Ukirudi baada ya mwezi, anzia hapo.

Utachoka katikati. Karibu dakika ya tatu macho hudai yamemaliza, na mkono hutafuta mfuko wenye simu. Usiondoke. Badili mkao, au funga macho ukijaribu kukumbuka kitu kilivyo, kisha fungua uone ulichokosea. Karibu kila mara utakuwa umekosea upande ambao hukuutazama.

Ukinunua chungu, safari ya kutoka Matema kupanda Tukuyu ina kona nyingi, kwa hiyo ufungaji una maana. Jaza ndani majani makavu ya migomba, kisha kizungushie mengine kwa nje unene wa vidole vinne, ukizidisha kwenye mdomo. Usitumbukize kimoja ndani ya kingine bila majani katikati, vitasagana. Usikifunge kamba shingoni. Kiweke ndani ya tenga la mianzi, na tenga likae mapajani au sakafuni kati ya miguu, kamwe si kwenye buti la gari. Ukifika Mbeya, kigonge tena kwa kifundo cha kidole usikie kama bado kinaitika.

Kama ni cha kupikia, kiloweke maji usiku mmoja, kisha chemsha ndani yake uji mwepesi kwa moto mdogo, uache upoe humo humo. Wanga huziba vinyweleo vya udongo. Baada ya mapishi machache tumbo lote litakuwa jeusi kwa masizi na lile wingu la moto wa kwanza halitaonekana tena. Kwa hiyo wenye uwezo hununua viwili. Kimoja huenda jikoni. Kingine hukaa karibu na dirisha la mashariki, mahali ambapo jua la saa moja asubuhi linaingia chini chini na kukipiga ubavuni.